Koki, vizuizi, soksi au sponji? Tathmini ya vifaa vya kuondoa viputo kwenye sampu ya maji ya chumvi

Ukiwasha taa ya tangi la matumbawe na maji yakaonekana kana kwamba yamemwagiwa unga mweupe unaoelea, mara nyingi huo si uchafu. Ni viputo vya hewa vyenye kipenyo kisichofika milimita moja, vinavyotoka kwenye sampu, yaani tangi dogo la vifaa lililo chini ya tangi kuu, na kurushwa juu na pampu ya kurudisha maji. Maduka ya akwariamu yana bidhaa nyingi za tatizo hili: soksi za kuchujia, vipande vya sponji, sampu zenye vizuizi vya kioo, skima (vyombo vinavyotoa uchafu majini kwa povu la viputo) zilizovikwa sponji mdomoni, hata roli za kitambaa zinazojivuta zenyewe. Lakini kifaa kinachosaidia kuliko vyote hivyo kwa kawaida hakikai kwenye rafu ya vifaa vya samaki. Ni koki ya PVC inayofungwa kwa kuzungusha gurudumu, ile ambayo mafundi bomba huiita geti vali. Koki hiyo huzuia viputo visizaliwe. Vifaa vingine vyote hupambana na viputo ambavyo vimeshazaliwa, na ushindi wake huwa wa nusu nusu.

Mfugaji aliyezoea samaki wa maji yasiyo na chumvi hushangaa kwamba bomba lilelile, pampu ileile, havikumsumbua hapo awali. Sababu ni chumvi yenyewe. Katika maji yasiyo na chumvi, viputo viwili vikigusana huungana, vikawa kimoja kikubwa, nacho hupanda haraka na kupasuka juu. Kuanzia takriban gramu 10 za chumvi kwa lita, kuungana huko hupungua sana, na maji ya tangi la matumbawe yana gramu 35 kwa kilo. Kiputo kilichosagwa kikawa kidogo hubaki kidogo. Tabia hiyohiyo ndiyo inayoifanya skima ya protini ifanye kazi vizuri baharini na vibaya mtoni, kwa hiyo hatuwezi kuifuta. Tunachoweza ni kupunguza usagaji wa hewa na kuyapa maji muda wa kuiachia.

Muda huo unapimika. Kiputo chenye kipenyo cha milimita 0.3 hupanda takriban sentimita 3 kwa sekunde. Cha milimita 0.1 hupanda kama milimita 5 au 6 tu kwa sekunde. Cha milimita 0.05 hakifiki hata milimita 2. Kariri namba hiyo ya katikati, kwa maana ndiyo inayoamua kama sampu unayotaka kununua itafanya kazi au itakuwa pambo la kabatini.

Kabla ya kutoa pesa: tafuta chanzo

Kununua soksi wakati hewa inaingilia kwenye kiungo cha pampu ni hasara mara mbili. Upimaji ufuatao unachukua saa moja na nusu hivi, hauhitaji kifaa zaidi ya tochi.

Anza kwa kuzima skima, kisha pampu ya kurudisha maji, ukiacha pampu za mkondo zilizomo ndani ya tangi kuu zikiendelea. Fuata mpangilio huo: pampu ikizimwa kwanza, maji ya sampu hupanda na kikombe cha skima hufurika uchafu wote ulioukusanya wiki nzima. Subiri dakika 15, mulika tangi kutoka ubavuni. Viputo vikiwa bado vinazaliwa, tatizo haliko kwenye sampu kabisa. Ni pampu ya mkondo iliyo karibu mno na uso wa maji, inachimba kizimbwi (shimo la maji yanayozunguka) na kuvuta hewa. Ishushe sentimita 5 hadi 8, au igeuze kidogo ielekee chini.

Tangi likitakata, washa pampu ya kurudisha maji peke yake na uiache skima ikiwa imezimwa. Nusu saa inatosha. Maji yakibaki safi, mkosaji ni skima. Viputo vikirudi, ongeza maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa kwenye chumba cha pampu mpaka kina kipande sentimita 3 au 4. Vikipungua papo hapo, kina kilikuwa kidogo: ama pampu ilikuwa ikivuta hewa kutoka juu, ama maji yalikuwa yakianguka kutoka kizuizi cha mwisho kwa kimo kirefu mno. Visipopungua, peleka tochi kwenye mdomo wa bomba linaloshusha maji kutoka tangi la juu. Ukiona wingu jeupe linafumuka hapo, umekipata chanzo kinachopatikana kwenye matangi mengi kuliko vyanzo vingine vyote.

Tangi jipya lina msamaha wake. Wiki mbili au tatu za mwanzo, kuta za mabomba na vioo bado hazijapata utando laini wa vijidudu, na skima mpya ina mabaki ya mafuta ya kiwandani. Viputo vya kipindi hicho hupungua vyenyewe. Usibomoe mabomba kwa sababu ya tangi lenye siku tano.

Geti vali ya PVC kwenye bomba la kushusha maji: nunua kwanza

Maji hushuka kwa njia mbili. Katika bomba la wazi, mfano wa lile la mtindo wa Durso lenye tundu la hewa kwenye kifuniko, maji huteleza ukutani na hewa hushuka pamoja nayo katikati. Kwa bomba la milimita 25 kwa ndani, mtindo huo hutulia mpaka takriban lita 1,200 kwa saa. Ukizidi hapo, bomba huanza kukoroma, na kila pumzi ya hewa inayopigwa ndani ya sampu husagika kuwa vumbi la viputo.

Njia ya pili ni bomba lililojaa maji tupu, bila hewa. Hilo hupatikana kwa kulibana kwa koki upande wa chini mpaka maji yanayoingia yalingane na yanayotoka. Mtindo wa Herbie hutumia mabomba mawili: moja limejaa na lina koki, la pili ni la dharura na huwa kavu. Mtindo wa BeanAnimal huongeza la tatu, la wazi, linalopitisha maji kidogo na kufidia mabadiliko madogo. Bomba lililojaa halina hewa ya kusaga, na halipigi kelele. Bomba hilohilo la milimita 25, likiwa na mteremko wa sentimita 60, kwa hesabu linaweza kupitisha karibu lita 3,000 kwa saa.

Ufungaji una mambo manne ambayo, ukikosea moja, koki haitakusaidia. Mdomo wa bomba lililojaa uzame sentimita 2 hadi 3 tu chini ya uso wa maji ya sampu. Ukiuzamisha sentimita 10, hewa iliyonaswa ndani ya bomba pampu inapowashwa haitapata nguvu ya kutoka, na bomba halitajaa kamwe. Koki ikae mahali mkono unapofika bila kuhamisha kitu, sentimita 15 au 20 juu ya maji. Bomba la dharura liwe na unene uleule au zaidi, lisiwe na koki wala chujio la matundu madogo, na mdomo wake wa chini ubaki juu ya maji, ili likianza kufanya kazi usikie kishindo chake. Tangi lenye bomba moja tu la kushusha maji usilitie koki hata kidogo: konokono mmoja akinasa hapo, maji yote ya chumba cha pampu yatapanda juu na kumwagika sakafuni.

Kuirekebisha kunahitaji subira. Fungua koki yote, washa pampu, subiri bomba liteme hewa yake. Kisha funga kwa robo ya mzunguko, ngoja dakika 5, tazama kina kwenye kisanduku cha kupokelea maji kwenye tangi la juu. Kikikaribia mdomo wa bomba la dharura, punguza mwendo: sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, dakika 10 za kungoja. Lengo ni kina kitulie sentimita 2 au 3 chini ya mdomo huo. Baada ya mwezi hivi utando huota ndani ya koki na kina hupanda kidogo, kwa hiyo irudie.

Kwa wanaonunua Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, hapa pana hatari ambayo lazima isemwe wazi. Geti vali inayotangulia kutolewa kwenye duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ni ya shaba ya manjano. Usiitie kwenye tangi la maji ya chumvi, hata kwa siku moja ya majaribio. Chumvi huila, nayo huachia shaba ndani ya maji, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo mno. Omba ya PVC mwili mzima, pamoja na ulimi wa ndani. Uliza pia jinsi msokoto unaoupandisha ulimi ulivyotengenezwa: baadhi ya koki za plastiki zina msumari wa chuma uliofichwa humo, na kutu yake hutokea miezi kadhaa baadaye.

Ikikosekana kabisa, koki ya PVC ya mkono mmoja, inayofunga kwa robo ya mzunguko, hupatikana karibu kila duka la mabomba ya umwagiliaji. Inafanya kazi, lakini milimita moja ya mkono hubadilisha mtiririko kwa kiasi kikubwa. Mafundi huongeza urefu wa mkono kwa kipande cha bomba jembamba chenye sentimita 20, na hapo udhibiti unakuwa wa kuridhisha. Si badala kamili, ila ni bora mara nyingi kuliko bomba linalokoroma.

Sampu yenye vizuizi vitatu: nzuri, lakini si kwa sababu wanayoitoa wauzaji

Muundo unaojulikana ni vioo vitatu vilivyosimama sambamba: maji hupita juu ya cha kwanza, chini ya cha pili, juu ya cha tatu. Wauzaji huuita mtego wa viputo na mara nyingi huacha nafasi ya sentimita 2.5 kati ya vioo. Hebu tupige hesabu. Sampu ina upana wa sentimita 30, pampu inasukuma lita 2,000 kwa saa, yaani sentimita za ujazo 556 kila sekunde. Nafasi ya 30 kwa 2.5 ni sentimita za mraba 75. Maji yanashuka hapo kwa zaidi ya sentimita 7 kwa sekunde. Kiputo cha milimita 0.1 kinapanda kwa nusu sentimita. Kinakokotwa chini, kinapita, kinaendelea na safari. Hata kile cha milimita 0.3 kinakokotwa.

Faida ya kweli ya vizuizi iko kwenye hatua ya mwisho. Maji yanapopanda na kuvuka kioo cha tatu, yanapita kwa kina chembamba, na viputo vilivyomo vinakuwa milimita chache tu kutoka kwenye hewa. Vingi hutoka majini hapo. Ndiyo maana nafasi pana ya sentimita 5 ni bora: mwendo unapungua kwa nusu, na viputo vinafika karibu na uso badala ya kuchanganywa upya. Sampu ya dukani yenye nafasi ya sentimita 2.5 tungeikubali kwa mtiririko usiozidi lita 800 kwa saa, si zaidi.

Jambo kubwa zaidi ni eneo la uso wa maji. Gawanya mtiririko kwa mwendo wa kupanda kwa kiputo, unapata eneo linalohitajika ili kiputo hicho kifike juu kabla hakijatoka kwenye chumba. Kwa lita 2,000 kwa saa na kiputo cha milimita 0.1, jibu ni karibu sentimita za mraba 1,000, yaani chumba cha sentimita 30 kwa 33. Kwa lita 1,000 kwa saa, nusu yake. Na hiyo ni kwa maji yaliyotulia. Maji ya sampu yana misukosuko, kwa hiyo zidisha mara moja na nusu. Sampu fupi iliyogawanywa vyumba vitano vya kupendeza inashindwa na sampu ileile yenye vyumba viwili vikubwa. Chumba cha mwani kikiwa kipana na tulivu, kinaondoa viputo vingi kuliko mtego wowote wa vioo.

Hapa ndipo pampu kubwa inapokuadhibu. Tangi la lita 250 linatosheka na mzunguko wa mara 3 hadi 5 kwa saa kupitia sampu, yaani lita 750 hadi 1,250. Mkondo wa matumbawe ni kazi ya pampu za ndani ya tangi. Anayenunua pampu ya lita 3,400 kwa saa, mfano Eheim 1262, kwa tangi hilo, amenunua pampu nzuri isiyofaa mahali pake, labda aibane au agawe maji yake kwa kazi nyingine.

Kama unamkabidhi fundi vioo, mpe vipimo hivi kwa sampu ya sentimita 75 kwa 30 yenye kimo cha 38. Chumba cha skima na bomba la kushusha, sentimita 32. Mtego, sentimita 12, ukiwa na nafasi mbili za 5 na unene wa vioo. Chumba cha pampu, sentimita 31 zinazobaki. Kioo cha kwanza kimo cha 22. Cha pili kiinuliwe 5 kutoka sakafuni na kifike 30. Cha tatu kimo cha 21. Vioo vyote vitatu vikatwe vyembamba kuliko upana wa ndani kwa milimita 3 au 4, ili silikoni ipate nafasi pande zote mbili. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo. Iache siku 7 kabla ya kutia maji. Mwambie fundi asizibe chini ya kioo cha pili hata kwa uzi wa silikoni.

Katika sampu hiyo, maji ya chumba cha pampu yakae sentimita 19 hadi 20, yaanguke kutoka kioo cha tatu kwa sentimita moja au mbili tu. Sasa angalia kinachotokea maji yanapovukizwa. Chumba hicho kina eneo la karibu sentimita za mraba 930, na uvukizi wote wa mfumo huonekana hapo peke yake. Lita 3 zikipotea, kina kinashuka zaidi ya sentimita 3. Maporomoko madogo yanakuwa ya sentimita 5, na yanazaa viputo vipya mita chache tu kabla ya tangi la juu. Mfumo ulio safi asubuhi na wenye mawingu usiku una ugonjwa huu. Dawa yake ni chombo cha kujaza maji yasiyo na chumvi chenye boya au kihisi. Tungeweka pesa hapo kabla ya kuitoa kwa soksi au sponji lolote.

Soksi ya kuchujia: inafanya kazi kwa siku tatu

Soksi ya kitambaa kizito, yenye uwazi wa mikroni 200, hukusanya viputo kwenye nyuzi zake mpaka vinakuwa vikubwa vya kutosha kuachia na kupanda. Kwa bomba la wazi ambalo huwezi kulibadilisha, huu ndio msaada wa haraka. Soksi ya neti nyembamba, kama zile za mikroni 225 zinazokuja na matangi ya Red Sea Reefer, ni rahisi zaidi kuosha na huchelewa kuziba, lakini kwa viputo vya ukubwa tunaozungumzia kitambaa kizito hushinda.

Iweke mpaka nusu yake iwe ndani ya maji, na mdomo wa bomba uwe ndani ya soksi, chini ya uso. Soksi inayoning'inia hewani yote huku maji yakiiporomokea ni kiwanda cha viputo. Mpya ioshe kwa maji ya moto bila sabuni kabla ya kuitumia, kwani kitambaa kipya huachia mafuta yanayoichanganya skima.

Tatizo lake ni nidhamu inayodai. Siku ya tatu au ya nne inaziba, maji yanafurika juu ya ukingo na viputo vinarudi palepale, pamoja na mabaki ya chakula yanayooza ndani. Uwe nazo angalau nne. Kuosha: igeuze ndani nje, ipige kwa maji ya kasi, iloweke kwenye dawa ya klorini isiyo na manukato, sehemu moja kwa kumi za maji, isuuze sana, kisha ianike juani mpaka ikauke kabisa na harufu iishe. Sabuni ya unga isikaribie hapo.

Sponji kwenye mtego: tunashauri uache

Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na kinachouzwa zaidi, na siku ya kwanza kinaonekana kuwa muujiza. Maji yanatakata ndani ya saa moja. Halafu sponji lenye matundu madogo, yale 30 kwa inchi, linaanza kunasa uchafu. Maji nyuma yake yanapanda. Skima inazama kuliko kina chake na kikombe kinafurika. Mbele yake, chumba cha pampu kinashuka. Maporomoko yanakuwa marefu na pampu inaanza kuvuta hewa. Kifaa kilichowekwa kuondoa viputo sasa kinavizalisha, na mwenye tangi analaumu pampu. Kwa wakati huo uchafu ulionaswa unaoza na kupandisha naitreti.

Anayelazimika kulitumia, achague la matundu 20 kwa inchi, alikate liwe pungufu kidogo juu ili maji yapate njia likiziba, awe na vipande viwili vya kupokezana, na aoshe kimoja kila siku ya tano kwenye maji ya chumvi yaliyotolewa tangini. Mawe ya matumbawe yaliyovunjwa na mipira ya plastiki ndani ya mtego yana kosa lilelile, ila kuyaosha ni kazi kubwa zaidi.

Skima: rekebisha kabla ya kubadilisha

Skima hutengeneza viputo kwa makusudi, na zikiwa kwenye hali nzuri karibu vyote hubaki ndani ya mwili wake. Vinapotoka, angalia kina cha maji kwanza. Kila modeli ina kina chake kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, nyingi zikiwa kati ya sentimita 15 na 25. Ikiwa sampu yako ina 22 na skima inataka 18, inua skima kwa jukwaa la vipande vya PVC vyenye sentimita 4. Bomba la kutolea likiwa juu ya maji, linamwaga viputo kama mfereji. Lirefushe kwa elbo mpaka lizame kidogo na lielekee mbali na mtego.

Skima mpya iache itoe viputo kwa wiki moja hadi mbili. Hata ya zamani hupandwa na wazimu wa saa kadhaa baada ya mikono yenye mafuta kuingia tangini, baada ya kubandika matumbawe kwa gundi ya kufinyanga, au baada ya dawa za kuua utando mwekundu. Punguza hewa au toa kikombe, na ungoje. Soksi ndogo kwenye mdomo wa kutolea inakubalika kwa siku hizo, mradi haizuii mtiririko, kwani ikizuia maji hupanda ndani ya skima na kumwagika.

Upande wa kuvuta wa pampu

Chanzo hiki si cha mara kwa mara, ila ndicho cha hatari, hasa kwa pampu iliyo nje ya sampu. Tundu dogo kwenye upande wa kusukuma huvuja maji, unaliona. Kwenye upande wa kuvuta halivujishi hata tone. Hunyonya hewa, na mabawa ya pampu huisaga vizuri kuliko kitu kingine chochote. Hewa hiyo ikisukumwa kwa shinikizo inaweza kuyeyuka majini kupita kiasi, na samaki wakapata viputo chini ya ngozi na machoni. Viputo vya kawaida vya sampu havileti hali hiyo.

Paka grisi ya silikoni ya kiwango cha chakula kwa wingi kuzunguka kila kiungo cha upande huo, kimoja baada ya kingine, ukitazama bomba la kutolea juu. Kiungo ambacho viputo vinakoma ulipokipaka ndicho kibovu. Fungua yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguliwa kwa mkono), toa pete ya mpira, isuguliwe mpaka chumvi itoke, ipakwe grisi, irudishwe. Kaza kwa mkono bila kutumia spana. Tepu nyeupe ya mafundi iende kwenye viungo vya kusokota tu, si kwenye yunioni. Kwa pampu iliyozama ndani ya sampu, hakikisha maji yako sentimita 6 au zaidi juu ya tundu la kuvuta, na kama kizimbwi bado kinachimbika, geuza tundu lielekee ukutani.

Roli ya kitambaa inayojivuta

Inafanya kazi ya soksi bila mtu kuosha chochote, na kitambaa chake kipya muda wote kinashika viputo vizuri. Kasoro ni mbili. Roli za akiba huagizwa kutoka nje na huisha haraka zaidi kwenye tangi lenye samaki wengi, na kifaa kinahitaji umeme wa uhakika ili kitambaa kisogee. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, weka pampu pekee kwenye inveta na uiache roli isubiri.

Umeme unaporudi, mfumo wenye bomba lililojaa utatema wingu la viputo kwa dakika moja au mbili huku hewa ikitoka bombani. Usiguse koki wakati huo. Iweke skima kwenye kichelewesha cha dakika 10, ili iwake baada ya maji ya sampu kushuka hadi kina chake cha kawaida.